Shela ya Lamu: Maji Matamu na Maji ya Kupwa

Shela ni kijiji cha vichochoro vya mchanga kwenye ncha ya kisiwa cha Lamu, kilomita kama 3 kutoka mji wa Lamu wenyewe, pale mlango wa bahari unaotenganisha Lamu na Manda unapofunguka kuingia Bahari ya Hindi. Nyuma ya nyumba kuna matuta makubwa ya mchanga, mbele kuna maji, na ng'ambo ya maji kuna Manda. Katika vitabu vya historia ya pwani kijiji hiki hupewa aya moja tu: Vita vya Shela, karibu mwaka 1812, Mombasa na Pate wakashindwa na Lamu. Baada ya hapo msimulizi hupanda jahazi kwenda Muscat na Unguja, na Shela haitajwi tena.

Hapa nakusudia kubaki Shelani. Watu wa Takwa, kule ng'ambo Manda, waliuacha mji wao wa mawe wakaja kuanza upya juu ya mchanga huu. Karne moja na zaidi baadaye jeshi kubwa likamalizikia kwenye ufuo huohuo. Leo matuta yaleyale yanagombaniwa na wenye viwanja, wenye hoteli na wanaotegemea maji yake. Kwa kawaida mambo haya husimuliwa mbalimbali, kana kwamba hayajuani. Mimi naona ni kisa kimoja, na kinachoyaunganisha ni maji, kuanzia yale ya kisimani. Vita vimeshasimuliwa vya kutosha. Kisima hakina malenga wake.

Takwa

Magofu ya Takwa yako upande wa kusini wa kisiwa cha Manda. Ukienda kwa mashua unaingia mkono wa bahari uliosongwa na mikoko, na sharti uingie maji yakiwa yamejaa. Yakikupwea ndani, utakaa topeni mpaka yarudi. Mji ulikaliwa tangu karibu mwaka 1500 hadi mwisho wa karne ya 17. Ulizungukwa na ukuta, na ndani yake mlikuwa na nyumba za matumbawe na chokaa, visima, na msikiti wa Ijumaa ambao kuta zake zingali zimesimama. Juu ya ukuta wa kibla wa msikiti huo imeinuka nguzo, jambo la nadra, maana nguzo za namna hiyo pwani yetu tumezoea kuziona makaburini. Kaburi la nguzo lipo pia, nje ya ukuta wa mji, na limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, ambao ni 1683 Miladia. Mwanaakiolojia James Kirkman, yule aliyefukua mji wa kale wa Gede, alichimba hapa mwaka 1951.

Tarehe ile ya kaburini ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Watu wanaojenga kaburi la nguzo na kulichonga maandishi si watu waliofunga virago. Mwaka 1683 Takwa bado ilikuwa na mali, mafundi na wanazuoni. Kisha kabla ya karne ya 18 kushika kasi, mji ukawa mtupu.

Sababu inayotajwa zaidi ni chumvi visimani. Ili kuielewa inabidi kujua maji matamu yanakaaje kwenye kisiwa kidogo. Mvua inaponyesha, maji huzama ardhini mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo huelea juu ya yale ya chumvi. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa maji ya ardhini, kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yanasimama juu ya usawa wa bahari, huwa kuna mita kama 40 za maji matamu chini ya usawa huo kabla ya kufikia chumvi. Hesabu hiyo inafurahisha ukiitazama kutoka juu. Ukiigeuza, inatisha: ukivuta maji mpaka yashuke nusu mita, chumvi inapanda mita 20 kukufuata.

Sasa tazama Takwa ilipokaa. Upande mmoja kuna mkono wa bahari wenye mikoko, upande wa pili bahari kuu haiko mbali. Ni ukanda mwembamba wa ardhi ya matumbawe yenye matundu, uliobanwa na chumvi pande mbili. Mahali kama hapo tabaka la maji matamu huwa jembamba, na mji ukikua, ndoo zikaongezeka, haichukui vizazi vingi kabla ya kisima kuanza kukolea. Katika visiwa vya Lamu watu walilijua tatizo hili vizuri, ndiyo maana sehemu zisizo na visima vya kutegemewa zilijengewa jabia, yaani mabirika ya kukingia mvua. Jabia hukusaidia kuvuka kiangazi. Kulisha mji mzima mwaka baada ya mwaka ni kazi nyingine.

Kuna wanaotaja pia uadui na Pate, dola iliyokuwa na nguvu katika visiwa hivi wakati huo. Huwa nasikia sababu hizi mbili zikishindanishwa, kama kwamba lazima mmoja ashinde. Sioni kwa nini. Kijiji chenye amani na jirani zake kikikosa maji matamu hupeleka mashua ng'ambo ikaleta. Wavuvi na mabaharia wa visiwani wamekuwa wakisafirisha maji kwa vyombo daima. Lakini kama njia ya bahari si salama, kisima kilicho ndani ya ukuta ndicho roho ya mji, na kikiingia chumvi ukuta wenyewe unageuka mtego. Uadui peke yake usingewahamisha watu waliokwisha kujenga ukuta, na chumvi peke yake ingevumilika kwa muda mrefu zaidi. Zilipokutana, watu walivuka.

Walivuka hadi pale ambapo mchanga unalundikana. Ukitazama kwa jicho la mfanyabiashara, Shela si chaguo zuri: mchanga unahama, na upepo wa kusi unapiga moja kwa moja kutoka bahari kuu. Kwa jicho la mchota maji, ni hazina. Matuta yale hunywa mvua yote inayoanguka juu yake, hayaachi hata kijito cha kutiririka kwenda baharini, na maji hujichuja taratibu yakishuka. Chimba bondeni kati ya matuta, hatua chache tu chini, utapata maji ya kunywa mahali ambapo sikio bado linasikia mawimbi.

Uhusiano na Takwa haukukatika. Hadi zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kufanya ziara kwenye kaburi lile la nguzo, mara mbili kwa mwaka, na dua inayoombwa hapo ni ya mvua.

Ufuoni, karibu mwaka 1812

Baada ya Wareno kutolewa Ngome Yesu mwaka 1698, pwani ya kaskazini ilihesabiwa chini ya Oman, lakini hesabu hiyo ilikuwa ya jina zaidi. Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, waliokuwa maliwali wa Oman kisha wakajitawala. Pate ilikuwa na masultani wake. Lamu ilijiendesha kwa wazee wake na haikuwa na mfalme. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa Liwali Ahmed bin Muhammad, Mazrui walikuwa wameweka mkono katika mambo ya Pate, na kwa pamoja waliitaka Lamu. Majeshi ya pande hizo mbili yakaja kwa vyombo, na mahali waliposhukia ni Shela.

Kwa nini Shela? Ukitoka bahari kuu, ndiyo nchi kavu ya kwanza ya kisiwa yenye ufuo wa kuburura vyombo, watu na maji ya kunywa. Kupita na kwenda kushuka mbele ya mji wa Lamu kungekuwa kuingiza vyombo katika mlango mwembamba ukiwa na adui ubavuni. Anayeishika Shela anashika kizibo cha chupa. Waliochagua pale walijua wanachokifanya.

Vita vikapiganwa kati ya Shela na mji. Waamu, yaani watu wa Lamu, wakawarudisha wavamizi nyuma mpaka ufuoni, na hapo ndipo penye sehemu ya kisa ambayo kila mtoto wa Lamu anaijua: maji yalikuwa yamepwa. Majahazi na madau yalikuwa yamelala ubavu juu ya mchanga mkavu, mbali na maji, na hakuna jeshi linaloweza kusukuma jahazi huku linachomwa mikuki mgongoni. Waliuawa wengi. Inasimuliwa kwamba kwa miaka mingi baadaye upepo ulipofukua matuta, mifupa ilikuwa ikionekana.

Hapa nina ugomvi na namna kisa kinavyosimuliwa. Kupwa kwa maji huelezwa kama bahati, au kama msaada kutoka mbinguni, na wavamizi kama watu walioshtukizwa na bahari. Lakini Wamvita, yaani watu wa Mombasa, hawakuwa wageni wa maji. Kisiwa chao kimezungukwa na bahari ileile, na saa za kujaa na kupwa Mombasa na Lamu hazipishani kwa kitu cha maana. Kwenye pwani hii bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, ina ratiba ambayo baharia hahitaji kuandikiwa: mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache. Wakati wa bamvua maji ya Lamu hushuka zaidi ya mita 3, na kwenye ufuo uliolala kama wa Shela mita hizo 3 za kimo huwa ni mchanga mpana sana wa kwenda mbele.

Weka hayo pamoja. Ukileta jeshi na bamvua ya alfajiri, unashusha watu kukiwa bado na giza, vyombo vikiwa juu kabisa ya ufuo, askari wakiruka bila kulowa magoti. Ni wakati mzuri mno wa kushambulia. Gharama yake ni kwamba kufikia saa nne asubuhi chombo chako ni kuni tu. Huna njia ya kuondoka mpaka alasiri. Kamanda anayekubali gharama hiyo ameshapiga hesabu kwamba asubuhi ikipanda atakuwa amekwisha kushinda. Njia nyingine ilikuwapo: kuviacha vyombo vikielea kwa nanga kwenye kina na kuwashusha watu kwa mitumbwi, polepole, hata kama adui angepata muda wa kujipanga. Kama kisa kinavyosimuliwa ni kweli, hawakuichagua. Kwa hiyo kilichowaangamiza ufuoni ni kiburi cha mpango wenyewe. Bahari ilifanya ilichofanya kila siku.

Jambo hili lina uzito kwa sababu simulizi ya bahati inawanyima Waamu sifa yao. Kuwazuia watu walioshuka kwa wingi, kwenye uwanda wa mchanga, kwa muda wote wa maji kushuka, si kazi ya bahari. Waliosimama walikuwa watu. Mmoja wa viongozi wa Lamu wa zama hizo, Zahidi Mngumi, alikuwa pia mtunzi, na majibizano yake ya mashairi na upande wa Mombasa, ambako Muyaka bin Haji ndiye aliyekuwa ulimi wa Mazrui, yanaonyesha kwamba pande zote mbili zilijua vita hivi havikumalizikia ufuoni.

Hofu ya mara ya pili

Asubuhi ya baada ya ushindi Lamu ilikuwa na tatizo. Mombasa ilikuwa imepoteza jeshi moja, haikupoteza mji. Pate ilikuwa hapo hapo, safari ya saa chache kwa tanga. Na Shela ilibaki wazi vilevile, ufuo uleule, bila boma. Wazee wa Lamu wakatuma ujumbe Muscat kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, wakaomba ulinzi. Sayyid Said akapeleka liwali na askari, na ngome ya Lamu ikakamilika mwaka 1821.

Wanaopenda kulaumu husema hapo ndipo Lamu ilipouza uhuru wake. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa huna binti wala jahazi la kulinda. Hata hivyo ni kweli kwamba ombi lile lilimpa Sayyid Said mguu wa kwanza imara kaskazini mwa pwani. Katika miaka ya 1820 Pate ikamwangukia. Mazrui wakabanwa hadi wakakimbilia bendera ya Waingereza: Kapteni Owen akatangaza himaya Mombasa mwaka 1824, serikali yake ikaikana, na 1826 ikaondolewa. Mwaka 1837 Mombasa ikaanguka, na hatimaye Sayyid Said akahamishia makao yake Unguja. Siwezi kusema yote hayo yalitokana na ufuo wa Shela. Sultani mwenye tamaa ya biashara ya pembe angepata mlango mwingine. Lakini mlango alioupata ni huu, na aliufunguliwa kutoka ndani.

Kwa Shela yenyewe yaliyofuata yalikuwa neema. Bahari ilipotulia, biashara ya boriti za mikoko, pembe na nafaka ikashamiri, kaskazi ikileta majahazi ya Arabuni na Ghuba na kusi ikiyarudisha. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, ule wenye mnara mweupe uliochongoka unaoonekana tangu mbali baharini, ni wa mwaka 1829, na misikiti mingine ya mawe ikafuata. Nyumba zilizojengwa ni zilezile za asili ya pwani: kuta nene za matumbawe, vyumba virefu vyembamba ambavyo upana wake hauzidi mita 3 kwa sababu hapo ndipo boriti ya kubeba dari inapoishia.

Haikudumu. Mali ya Lamu yote ilisimama pia juu ya migongo ya watumwa katika mashamba ya bara, jambo ambalo wasifiao milango ya nakshi hupenda kulipita haraka. Biashara ya utumwa ilipobanwa, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1907, mashamba yakafa. Reli ilikwisha kuanzia Mombasa, na meli kubwa zikafuata reli. Shela ikapungua, nyumba zikabomoka paa, watu wakahamia kwingine. Malindi hadi leo ina mtaa uitwao Shela.

Matuta leo

Wageni walianza kufika miaka ya 1960, na hoteli ya kwanza ilifunguliwa 1967. Kuanzia hapo magofu yakawa na bei. Waliokuja kununua kutoka Ulaya walikarabati nyumba nyingi, baadhi kwa ustadi mkubwa, na mafundi wa chokaa na nakshi wakapata kazi ambayo vinginevyo ingepotea. Kwa upande mwingine, kijana wa Shela anayetaka kiwanja kijijini kwao anashindana na fedha ambazo hatazishika maishani. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, jina likakua, bei zikakua nalo. Utekaji wa wageni wa mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 uliviacha vyumba vitupu kwa misimu kadhaa, na hapo kijiji kikaona ni kiasi gani kimeegemea nguzo moja.

Lakini mtu wa kisima angeuliza swali jingine. Maji yanayonywewa katika mji wa Lamu hutoka kwenye visima vya matuta ya Shela. Hifadhi ile iliyowavuta watu wa Takwa karne tatu zilizopita ndiyo inayobeba mji mzima sasa, pamoja na hoteli, mabwawa ya kuogelea na bustani. Mwaka 2002 matuta yalitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tangazo halikumaliza mabishano ya umiliki, na ujenzi umeendelea kuyasogelea.

Nyumba iliyojengwa juu ya tuta hudhuru kwa njia tatu, na ile inayoonekana ndiyo nyepesi. Inaziba uso wa mchanga uliokuwa unakunywa mvua. Inachimba kisima chake na kuweka pampu, ambayo tofauti na ndoo haichoki. Na inashusha maji ya choo katika mchanga uleule ambao jirani anachota. Mchanga huchuja vizuri, lakini unahitaji muda na umbali, na viwanja vilivyobanana haviupi kimojawapo.

Tofauti kati ya Shela na Takwa ni ukubwa wa hifadhi tu. Kanuni ni ileile ya mita 1 kwa 40. Chumvi haitaanzia katikati ya matuta, ambako tabaka ni nene. Itaanzia visima vya pembeni, karibu na ufuo na karibu na pampu kubwa, mwishoni mwa kiangazi, Februari na Machi, kabla masika hayajaanza. Hapo ndipo pa kupima, kila mwaka, kisima kilekile, na matokeo yabandikwe mahali ambapo mtu wa Shela na mwenye hoteli wote wanapita.